Mabawa Aliyombebea Asiyemjua

Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili, chini kwenye ukumbi wa kanisa kule Temple Hills, huku ughaibuni, nina meza yangu. Hakuna aliyenipa. Ilianza siku mama mmoja aliponiomba nimkuzie herufi kwenye simu. Jumapili iliyofuata wakaja wengine, na tangu hapo nikishachukua chai na sambusa nakaa kwenye kona ya karibu na jiko, na watu wananiletea simu zao kama wanavyompelekea fundi cherehani nguo za kupunguza. Wiki nzima kazi yangu ni hiyohiyo. Natunza chumba cha kompyuta cha chuo huko Annandale, nawaeleza wanafunzi kwa nini printa imegoma. Ikifika Jumapili sauti imeshachoka, na bado kuna barabara ndefu ya kurudi Germantown. Mke wangu huniuliza kwa nini sikatai. Mtu akielewa jambo mbele yako, uso wake hulegea kidogo, na mimi nimeshauzoea uso ule.

Dada ninayetaka kusimulia habari zake alisubiri mpaka watu wote wakaondoka mezani. Nilikuwa namfahamu kwa salamu tu. Ni mtu wa Tanga, anamtunza mzee mmoja asiyeweza kutembea, na kanisani hukaa viti vya nyuma ili awahi basi. Aliweka simu mezani, kioo kikiwa kimetazama chini, akaniambia kwa aibu kwamba jambo lake ni la kitoto, nisimcheke. Nikamwambia mimi hulipwa kuzungumza na printa, kwa hiyo sina wa kumcheka.

Simu ilikuwa na mchezo. Ni ule wa aina ya visiwa: kila mchezaji anapewa kisiwa chake kwenye mtandao, anajenga nyumba, analima, anatembelea visiwa vya wenzake na kubadilishana nao vitu. Kwenye kioo palikuwa na maneno machache ya Kiingereza ambayo alikuwa ameyasoma mara nyingi bila kuyaamini. Akaunti yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ilikuwa imepitisha vitu vilivyonunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa.

Nilimuuliza anacheza na nani. Akasema, na binti yangu.

Dada alimwacha binti huyo Tanga akiwa mdogo, kwa bibi yake, na faili la kumleta huku limekuwa likitambaa ofisi kwa ofisi tangu hapo. Sasa ni msichana mkubwa anayemaliza sekondari. Kwenye simu walikuwa wameishiwa maneno. Umekula? Nimekula. Shule? Nzuri. Haya, usiku mwema. Kisha binti akamwambia apakue mchezo, na pale kisiwani wakapata kazi ya kufanya pamoja. Mchana, mzee akilala baada ya chakula, Tanga ni usiku na binti ameshaosha vyombo. Mama anamwagilia mihogo, binti anachimba mtaro, na akiwa anachimba anasimulia. Alisimulia habari za mwalimu anayemwogopa. Alisimulia za rafiki waliyekosana naye. Mambo ambayo ukimuuliza mtoto uso kwa uso hakujibu, lakini mkiwa wawili mnachambua mchele yanatoka yenyewe.

"Kisiwa ndiyo jiko letu," aliniambia. "Wamefunga jiko."

Nikamuomba aanze alipoanzia, asiruke kitu. Hivyo ndivyo nilivyomjua mtu wa tatu, ambaye mimi na yeye hatujawahi kumwona.

Alikutana naye mchezoni. Kijana, au mtu aliyejiita kijana, aliyemsikia akiongea Kiswahili na bintiye akaja kuwasalimia. Alimwita mamdogo. Kiswahili chake kilikuwa mara cha Mombasa, mara cha Dar, mara maneno ya Nairobi yanachomoza, na mahali pengine mtu angejiuliza huyu katokea wapi. Lakini sisi wa huku tunaongea hivyohivyo. Mezani kwangu Mkongo ananiambia simu yake haina "rezo", yaani mtandao, Mkenya ananiambia "imekataa tu", na wote nawaelewa. Dada hakuona cha kushangaza.

Bibi yake yule binti, yaani mama mzazi wa dada huyu, alifariki katika kipindi hichohicho. Dada hakuweza kwenda kuzika, kwa makaratasi aliyonayo angetoka asingerudi. Kijana ndiye aliyewakusanya wachezaji wengine waliokuwa wanaongea Kiswahili. Wakaja kisiwani, kila mmoja akapanda ua mbele ya nyumba, wakakaa kimya pale, vikaragosi vyao vimeinamisha vichwa, na binti alikuwepo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya yule mzee na simu mkononi. Hayo ndiyo matanga aliyohudhuria.

Baada ya hapo kijana akaanza kumwomba ambebee mzigo. Neno lake lilikuwa hilo: mzigo. Katika mchezo ule kuna vitu adimu, na kilicho adimu kuliko vyote ni mabawa ya bluu, ambayo watu huyatafuta hata kwa fedha za kweli. Kijana angempa mabawa leo, na kesho angekuja mtu mwingine kisiwani kuyachukua. Yeye kazi yake ni kukaa nayo. Hakupata chochote wala hakuomba chochote.

Hapa lazima niwaeleze wasioishi huku. Mtu akisema anasafiri kwenda nyumbani, wiki nzima kabla ya safari watu watamletea mizigo: dawa za mama wa fulani, viatu, simu, maziwa ya kopo. Inakuja imefungwa kwa gundi, na huifungui. Kuifungua ni kumwambia aliyekupa kwamba humwamini. Unapima, unapanga, na ukifika unakuta mtu amekusubiri nje ya uwanja wa ndege akijitaja jina. Sote tumebebewa na sote tumebeba. Dada yule alifanya mchezoni kile alichofundishwa na watu wazuri.

Nikamweleza polepole, kwa mfano wake mwenyewe. Mtu anaiba namba za kadi ya benki. Akinunua televisheni atakamatwa mlangoni, kwa hiyo ananunua sarafu za mchezo, na kwa sarafu ananunua mabawa. Mabawa yakikaa kwake yataonekana yametoka wapi, kwa hiyo anayapitisha kwa mtu mwenye kisiwa cha siku nyingi, mtu anayelima mihogo na kuzungumza na bintiye. Kutoka hapo yanauzwa kwa mchezaji anayelipa fedha halali, na fedha inafika kwa mwizi ikiwa safi. Kila mkono uliyapitisha kidogo tu.

"Kwa hiyo mimi ndiye sabuni," alisema.

Nilimwambia ndiyo, lakini sabuni haijui inafua nguo ya nani.

Sikumwambia kwamba mwezi mmoja kabla, kwenye kiti hichohicho, alikuwa amekaa muuguzi mmoja Mkenya, kadi yake imekatwa fedha za mchezo. Aliniuliza yeye na michezo wapi na wapi, anayecheza ni nani na saa za kucheza azitoe wapi. Huwezi kusema ni mabawa yaleyale. Lakini nilikiangalia kile kiti.

Kampuni ya mchezo ilikuwa imetoa nafasi ya kujieleza: vitu vilitoka kwa nani, vilikwenda kwa nani. Nilidhani tungeandika palepale. Akarudisha mikono mapajani. Alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa faili la binti. Akiandika kwamba amepitisha mali ya wizi, na jina lake liko kwenye makaratasi ya serikali, si watamnyima mtoto? Nikamwambia nilichokijua, kwamba kampuni si uhamiaji, na kwamba anayesema mwenyewe husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Nikamwambia pia nisichokijua, kwamba siwezi kumwapia, na kwamba yupo wakili anayewasaidia watu wetu, amuulize kabla hatujapeleka kitu. Ningependa kuwa mtu wa kuapia. Mtu huchoka kusema "sina hakika" kwa watu waliokuja kutafuta hakika.

Hofu ya pili hakuiita hofu. Alisema tu kwamba yule ni mtu aliyemzikia mama. Hawezi kumchongea kabla hajamuuliza.

Wakili alimjibu wiki ile, kwamba aseme ukweli na atunze nakala. Jumapili iliyofuata akanikuta mezani, akamwandikia kijana mbele yangu, kwenye kikundi cha ujumbe walichokuwa nacho nje ya mchezo. Aliandika kwa heshima, salamu kwanza, habari za afya, kisha swali: mwanangu, mabawa yale yalitoka wapi? Nilikuwa nimesimama kukusanya vikombe. Jibu lilikuja kabla sijafika kwenye sinki. Akaniita, akalisoma kwa sauti ya chini, taratibu, kama anayemsomea mtu mwingine:

"Pole mamdogo, usijipe presha. Ni mitambo tu, inafunga watu kila siku. Tumia ya binti, ile ni ya muda mrefu, haitiliwi shaka. Kesho nampitishia mzigo huko."

Chini ya maneno aliweka vikaragosi viwili vinavyocheka.

Waliokuwa wanakunja viti walikuwa wanabishana nani atafunga mlango. Dada akageuza simu, akaisukuma upande wangu.

"Mwalimu, andika."

Lakini kwanza alimpigia binti. Usiku ulikuwa umeshaingia Tanga. Hakumsalimia. Alimwambia asipokee kitu chochote kutoka kwa yule kaka, hata ua, na binti akauliza kwa nini, maana yule kaka ndiye aliyewaletea maua ya bibi. Nilisikia sauti ya msichana ikipanda. Mama yake akamwambia, "Najua. Mimi pia nilimpenda. Usipokee." Akarudia mara kadhaa, bila hasira, mpaka upande wa pili ukakubali.

Tukaandika. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikaweka kwa Kiingereza, na kila aya nikamrudishia kwa Kiswahili ahakikishe. Mara mbili nilimkuta anamtetea kijana, na mara mbili nikamuuliza kama hilo alilijua au alilitumaini. Alijifunza haraka. Kufika mwisho alikuwa ananisahihisha mimi. Nakala moja ikaenda kwa kampuni, nyingine kwenye ofisi ya serikali inayopokea taarifa za wizi wa mtandaoni. Hiyo ya pili nilimwachia aamue, akasema kama kuna mtu ameibiwa basi aambiwe. Ofisi haijajibu mpaka leo. Kijana alitoweka kwenye kikundi siku ileile, na kwa yote ninayojua ana mamdogo mpya mahali fulani.

Kampuni ilijibu kwa adabu. Ilimshukuru kwa maelezo. Akaunti ya binti haikuwa imeguswa na kitu chochote, ingebaki wazi. Ya mama ingefungwa moja kwa moja, na kisiwa kilikuwa cha akaunti hiyo, kingefutwa nayo. Dada alinitaka nilisome tena neno lile la kufungwa moja kwa moja, kama kuna mlango niliouruka. Nikalisoma. Hakukuwa na mlango. Maua yalikwenda pamoja na kisiwa, na mihogo, na ule mtaro.

Nilirudi Germantown siku hiyo nikiwa nimechoka uchovu wa ajabu, wa mtu aliyeeleza jambo vizuri na halikusaidia. Mke wangu aliniwekea chakula, akaniuliza leo nimetengeneza simu ngapi. Nikamwambia hakuna.

Baadaye dada alifungua akaunti mpya. Niliombwa tu nimkumbushe namna ya kutunga nenosiri, na akalitunga mwenyewe huku akinigeuzia mgongo, jambo lililonifurahisha kuliko alivyodhani. Anayeanza hupewa jembe na hema. Binti alikuwa amemsubiri kwenye kisiwa chake, na kabla ya kulima akatoa kitu na kukiweka miguuni pa mama: taa, kwa ajili ya hema. Mama hakukigusa. Nikaona kidole chake kinaandika, herufi moja moja: umeitoa wapi? Binti akaandika kwamba ameinunua kwa mahindi yake, akapige hodi kwa jirani aulize. Mama akacheka, akaipokea. Sikuona kama binti alikuwa anacheka.

Mwaka huu nilipata safari ya kwenda nyumbani, na watu wakaja na mizigo yao kama kawaida, imefungwa gundi, na mimi nikaipima kimyakimya kama kawaida. Nawaeleza wengine vizuri kuliko ninavyojieleza mwenyewe. Yule dada alikuja mwisho, kwa basi, mpaka Germantown, na mfuko mmoja. Nilimkaribisha chai akasema subiri. Akapiga magoti kwenye zulia, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukitaja: viatu vya shule, fungua uone ndani, sweta, losheni, hii sili yake, kitabu cha hesabu, ambacho alikishika kwa jalada akakipeperusha kurasa. Mke wangu aliona haya kwa niaba yake, akamwambia, dada jamani, sisi si tunaaminiana?

"Ndiyo maana," alisema, akakunja sweta upya.

Kisha akaniuliza kama ile mizigo mingine niliyoipanga pale ukutani nimeifungua.