Kamba Hawa, Kamba Hizi

Mama mkwe wangu hakupenda kulishwa. Nililijua hilo mapema, na lilinisumbua, maana mimi napenda kulisha watu na sipendi mtu anayeacha chakula. Nilitoka bara, nikapangiwa kufundisha shule ya msingi huko Kitaya, nikaolewa na mwanawe, kuli wa bandari ya Mtwara aliyekuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa wawili, mimi na mama yake, katika nyumba mbili zinazotazamana kwenye mstari wa kijiji kipya.

Serikali ilipotuhamishia kando ya barabara, kila mtu aliacha kitu kule mtoni. Yeye aliacha nyumba na shamba la mihogo, lakini mitego yake hakuiacha. Alikuwa na migono, ile mitego mirefu ya mianzi ambayo kiumbe akishaingia hatoki, na kila mgono aliufunga kwa kamba ya katani kwenye kigingi, katika kijito kinachoingia Ruvuma. Alitega kamba wa mtoni, wale wenye mikono mirefu kuliko mwili. Alfajiri akienda, na jua likipanda amerudi, anawakaanga kwa chumvi, na bakuli langu linaletwa bila mimi kuomba. Tangu afiwe na mume alijilisha kwa mitego ile.

Kisha ikaja amri. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na mto ndio mpaka. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza mkutanoni kwamba yeyote anayetia kitu majini awe na kibali cha Bwana Samaki, afisa uvuvi wa wilaya, kikionyesha anatega nini na wapi. Siku chache baadaye mgambo wakaing'oa mitego yote, wakairundika nyuma ya kituo chao.

Mama mkwe akaanza kula kwangu. Nilipika wali, nikapika kisamvu kwa nazi. Alikaa mlangoni, kiubavu, akamega matonge mawili, akanawa.

"Nimeshiba, nkwe wangu."

"Mama, hata paka hashibi hivyo."

"Nkono ntupu haulambwi."

"Nani kakuomba mkono? Nakuomba ule!"

Hakula. Alikonda mbele ya macho yangu na chakula changu kikalala, na mimi nikawa mkali hadi darasani.

Katibu wa kijiji alimwandikia maombi, neno kwa neno kama alivyotamkiwa. Mama mkwe alikulia katika Kimakonde, Kiswahili kikamjia ukubwani, na kwake chochote kilichoingia kikapuni kilikuwa "hizi": samaki hizi, kamba hizi. Wilayani nao walinakili walichoandikiwa. Kibali kilipofika na mhuri wake, hakupita hata kwangu. Nilimwona akikatiza uwanja wa shule, amejitanda kanga ya sikukuu, nikawaachia watoto zoezi nikamfuata.

Mkuu wa mgambo alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha redio. Alikisoma kibali mara mbili.

"Mama, hii ni ruhusa ya kamba za kufungia. Hapa wameandika 'kamba za mtoni, kamba hizo'. Wale wa kuliwa ni 'kamba wa mtoni, kamba hao'."

"Kamba ni kamba, baba."

"Kuna wenye uhai na kuna zisizo na uhai. Mimi nafuata karatasi."

Nikaingilia. Nikamwambia, ndugu, hapa mwalimu wa Kiswahili ni mimi, na ngeli nazijua. Niambie, kamba ya katani ikitegewa mgono itaingia kwa miguu ipi? Wenzake wakacheka. Yeye alichukua panga, akaenda nyuma ya kituo, akazikata kamba kwenye migono ya mama mkwe, akazikunja vizuri, akamkabidhi.

"Kamba zako hizi, mama. Kibali kimetimizwa."

Sijawahi kuichukia sarufi kama siku ile, na ndiyo iliyokuwa ikinipa mshahara. Mama mkwe alizipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, tukarudi. Jioni alikula tonge moja.

Maombi mapya niliyaandika mimi, na mume wangu akayapeleka wilayani mwenyewe. Tulipokuwa tukingoja nilijaribu kumfundisha, asije akaulizwa tena.

"Sema, kamba hawa."

"Kamba hizi."

"Hawa, mama."

"Hawa ni watu. Utaniambia kamba ni ntu?"

Kibali cha pili kilifika mvua zimekwisha kuanza. Mkuu wa mgambo alikisoma, akapiga saluti kana kwamba hakuna lililowahi kutokea, akairudisha migono. Mingine ilikuwa imeliwa na mchwa. Mama mkwe aliiziba kwa mianzi mibichi, akaunga zile kamba zilizokatwa, mafundo yakaonekana, akaenda zake mtoni.

Siku moja nilitoka shule nikakuta bakuli mezani kwangu, limefunikwa kwa sahani. Yeye alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti, si mlangoni.

"Kula, mwanangu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Kamba hi..." Akasita, akanitazama. "Kamba hawa ni wako."

"Na wewe, mama? Karibu tule."

"Mimi nimeshakula kwangu."

Nilikula huku nalia, nikawamaliza wote. Yeye alikaa akinitazama mpaka mwisho, na hakunisaidia hata mmoja.