Kilimia cha Saint Paul

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini mpaka leo. Tulikuwa wageni kabisa huku ng'ambo, Saint Paul, hata majira ya joto ya mwaka wetu wa kwanza yalikuwa hayajaisha, nami nilikuwa mke kijana mwenye maneno mengi. Mama mkwe wangu, yule mama wa babu yako mwenye picha pale sebuleni, aliamka alfajiri kusali kama kawaida yake, kisha akaniita kibarazani. Nilimkuta ameinua uso, machozi yanamtoka.

"Njoo uone, mama," aliniambia. "Kilimia iko pale."

Kilimia ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana. Kwetu Fizi, kilipofika juu ya vichwa wakati kunapambazuka, wanawake walitoa majembe, maana mvua za maharage zilikuwa njiani. Yeye alifundishwa na mama yake, na mama yake na wa kwake. Tangu tushuke uwanja wa ndege hapakuwa na kitu alichokijua hapa, si basi, si jiko, si lugha. Siku ile alipata kitu anachokijua, na mimi nilifurahi mpaka nikacheka.

Basi akatoa maharage yake. Ilikuwa mbegu ya madoadoa mekundu aliyokimbia nayo vita, akaipanda mwaka hadi mwaka kambini, na yote iliyobaki ilienea kwenye kopo moja la maziwa. Ikipotea hiyo, hakuna mahali pengine pa kuipata. Tulikuwa tumepewa kipande cha shamba nyuma ya kanisa kule Blaine, na muumini mmoja akatupeleka kwa gari lake.

Tukiwa tunachimba, mama mmoja Mkenya, nesi, aliyekuwa anachuma nyanya kwenye kitalu cha jirani, akatuuliza tunapanda nini. Tulipomwambia, alitikisa kichwa.

"Mama, mtapoteza hiyo mbegu yote," alisema. "Hapa frost, ile baridi ya kugandisha, inakuja kabla hata itoe maua. Asubuhi moja tu, kila kitu imekufa. Ngojeni mpaka May iishe."

Nilipandwa na hasira. Yeye ni nani wa kumfundisha mama mkwe wangu kulima? Nikafungua kinywa nimjibu, na majibu yangu enzi zile yalikuwa makali, lakini mama mkwe akanishika mkono.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Kilimia ni ile ile, lakini huu udongo haiko wetu. Yeye ameona baridi ya hapa. Sisi hatujaiona."

Akapanda kiganja kimoja tu, kuujaribu udongo, kopo akalirudisha kwenye mfuko wake. Nilinuna njia nzima ya kurudi. Niliona amejishusha bure mbele ya mtu asiyemjua.

Maharage yale yaliota vizuri, nami nikaanza kumtania yule nesi kanisani kwamba baridi yake imepotea njia. Kisha asubuhi moja tulifika Blaine tukakuta kila jani limelegea na kuwa jeusi, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Nilikumbuka kwamba mimi nilitaka kopo lote liingie pale. Tuliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kabatini, koti sijavua, nikalitikisa kopo. Maharage yakalia mle ndani. Nilishusha pumzi, nikakaa chini jikoni nikalia kwa nafuu niliyoisikia, na mama mkwe akanicheka mpaka akashika mbavu.

Tangu hapo alianza kutazama upya. Majira yote ya baridi, Kilimia kikitoka jioni, alisimama dirishani. Aliona theluji ikianguka kikiwa juu kabisa. Aliona kikishuka kidogo kidogo magharibi, mpaka Mei ilipoingia kikazama pamoja na jua, kisionekane tena. Mwezi huo ukielekea mwisho, udongo wa Blaine ulipata joto, na nesi, ambaye sasa alikuwa rafiki yetu, akasema haya, pandeni. Mama mkwe akapata kanuni mpya: kwetu tulipanda Kilimia kikiwa juu ya kichwa, hapa tutapanda kikiwa kimejificha.

Sasa juzi umerudi na kitabu chako cha shule, ukanisomea kwamba elimu ya nyota ilianza Babeli na Misri, kisha ukaniuliza, kwa Kiingereza chako kama kawaida, sisi tulikuwa wapi. Tulikuwa shambani, mwanangu, kama wao. Wamisri waliona nyota moja ing'aayo sana ikirudi alfajiri wakati mto wao unakaribia kujaa, wakaanza kuhesabu mwaka wao hapo. Watu wa Babeli waliandika mwendo wa mwezi na nyota kwenye vibao vya udongo, kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyeshushiwa kanuni ikiwa tayari. Kila mmoja alitazama juu, akatazama na pale aliposimama, akangoja aone. Mama wa babu yako aliianza elimu hiyo upya akiwa mzee, kwenye dirisha la Saint Paul, nami nilimwona.

Kwa hiyo usitupe ulichofundishwa nyumbani kwa sababu umefika ugenini, wala usikimwage chote siku ya kwanza. Jaribu kwa kiganja. Muulize aliyetangulia, hata kama lafudhi yake inakuchekesha, na akikurekebisha usinune kama bibi yako.

Mungu akupe macho ya kutazama mbali na subira ya kungoja uone. Popote utakapojenga, upande na uvune, na watoto wako washibe. Haya, kula sasa. Hayo maharage kwenye sahani yako ni ya kopo lile.