Siku Arobaini za Mwishehe

Mwishehe tulimzika mwaka jana, na pale makaburini nikawasikia vijana wakisimuliana kwamba huyu ndiye yule aliyeuharibu Mto Kizinga. Walimjua kama mzee mvunja kokoto wa Barabara ya Kilwa, basi. Nilitaka kuwanyamazisha, lakini nilikuwa na sababu zangu za kukaa kimya. Leo nitasema.

Hakuwa mtu mbaya. Mbishi alikuwa, na mdomo alikuwa nao. Akikukuta na mgono uliotoboka atakuambia kambare wako wanaingia kwa mlango wa mbele na kutokea uani. Lakini kati yetu wanaume kumi tuliotega pale Mbagala, hakuna aliyesuka mgono kama yeye, na hakuna aliyekuwa mwepesi wa kumpa jirani samaki kama yeye. Mwaka niliovunjika mguu, mimi na watoto wangu tulikula mkononi mwake.

Asiyeijua kazi ile nimweleze. Masika yakianza, mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo upande wa Pugu, mto unavimba na maji yanakuwa mekundu. Hapo kambare wanapanda kutoka mabwawa ya chini, wanakwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Sisi tunakuwa tumekwisha kuuziba mto kwa uzio wa fito na makuti, tumeacha milango kumi, kila nyumba na mlango wake wa kurithi. Mlangoni unatega mgono, lile tenga refu lenye mdomo mpana, ukiuelekeza kule kambare wanakotoka. Wanapanda siku mbili, zikizidi tatu, halafu basi mpaka mwakani. Ukiwapata unawabanika, na nyumba yako inakula mpaka mpunga uive.

Mto ule ulikuwa na mwiko mmoja. Nyumba yenye msiba haiingii majini siku arobaini. Haingii mtu wake, hauingii mgono wake, haliingii hata sufuria lake la kuosha. Wakiingia, mto unaharibika kwa wote na uzio lazima ufumuliwe, mto uachwe utulie mpaka siku ya tatu. Nani aliuweka mwiko huo sijui, na sikuwahi kuuliza.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa nne wa vita vya pili vya Wazungu. Vuli ilikuwa imekataa, mahindi yamekauka shambani, na mchele wa dukani ulitolewa kwa cheti, tena vyeti walikuwa navyo watu wa kazi za mjini. Sisi tulikula mihogo, ikaisha, tukala kisamvu kitupu. Nyumbani kwa Mwishehe kulikuwa na watoto watatu, mkewe Sikudhani, na mama yake, Bi Mwanahawa, aliyekuwa mgonjwa wa kifua. Chumba cha uani alimpangisha Projestus, Mhaya, karani wa ofisi moja ya mjini. Mkristo mpole huyo, hakosi kofia, anamwamkia kila mtu. Hata mbuzi, naona angewaamkia kama wangeitikia.

Mvua ilinyesha Ijumaa na Jumamosi. Jumapili kulipopambazuka tukasikia mtu akipiga kelele kwamba maji mekundu yamefika. Tulikimbia. Mwishehe alikuja wa mwisho, akasema mvua ilimchelewesha, akaingia mlangoni kwake bila kumtania mtu. Nililiona hilo, nikamshukuru Mungu kwamba leo tutafanya kazi kwa amani.

Sijapata kuona kambare vile. Mgono ulikuwa unatikisika mikononi. Mzee Kondo, mwenye mlango wa kwanza na msemaji wetu, alikuwa anacheka peke yake. Watu wazima tuliokonda mbavu nje tulikuwa tunacheka ndani ya maji. Ndipo Projestus akatokea ukingoni, viatu mkononi, suruali imejaa tope.

Alikuwa ametoka kanisani. Alipofika nyumbani alimkuta Sikudhani amekaa kando ya kitanda cha mkwewe, ameuma kanga. Bi Mwanahawa alikata roho alfajiri. Mwishehe alimfumba macho, akamfunika, akamwomba mkewe asilie mpaka arudi adhuhuri na samaki, ndipo watangaze msiba. Hayo Projestus hakuelezwa. Kwao mtu akifiwa unamfuata popote alipo, na yeye alifanya alivyolelewa.

Akavua kofia. "Bwana Mwishehe," akasema, "pole sana kwa kufiwa na mama. Nimekuja kukusindikiza nyumbani."

Maji yalikuwa yamenifika kiunoni. Niliuona mgongo wa Mwishehe tu. Hakugeuka. Mzee Kondo akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," akajibu. "Nilitaka watoto wale kwanza, ndipo nilie."

Hakuna aliyemgusa. Tulitoka majini mmoja mmoja, Mzee Kondo akakata kamba, uzio ukaenda na maji. Migono tuliimwaga. Kambare wangu, wanene kama mkono, niliwamwaga mwenyewe nikiwa na njaa ya siku mbili. Nilimtukana Mwishehe matusi ambayo siwezi kuyaandika, mama yake hajazikwa. Projestus alikuwa anatuuliza mmoja mmoja amekosea nini. Tulimpita.

Alasiri tulimzika Bi Mwanahawa, maana maiti hana kosa. Tulichimba, tukafukia, tukaondoka, na hakuna aliyempa mkono Mwishehe. Tuliporudi mtoni siku ya tatu, kambare walikuwa wamekwisha kupita.

Kilichobaki ni ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini, kina sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia kwenye pakacha na kulilaza kwenye maji yanayokwenda, siku nne nzima. Ukifanya hivyo unakula, hushibi lakini unakula. Maji ya kisima hayafai, yamesimama, hayaondoi kitu. Mbagala nzima ilikwenda kuchimba ndiga msituni, na mapakacha yetu yakajipanga mtoni. Ya Mwishehe hayakuwepo. Arobaini ilikuwa haijatimia hata nusu.

Projestus alikuwa akiwagawia mchele wake wa cheti, lakini mchele wa mtu mmoja hauwavushi watu sita wiki. Siku moja mchana Sikudhani akaja mlangoni kwangu na pakacha kichwani, ndiga zimekwisha kumenywa na kukatwa. Hakukaa.

"Shemeji, nilazie pamoja na zako," alisema. "Hakuna atakayejua zipi zangu na zipi zako."

Alikuwa anasema kweli. Mimi nilikuwa nakwenda mtoni saa ile ile, pakacha langu liko miguuni. Lakini nilimfikiria Mzee Kondo, nikawafikiria wale saba wengine, nikaufikiria mlango wangu nikinyang'anywa. Nikamwambia asubiri kidogo, hasira za watu zipoe. Mke wangu alikuwa ndani anasikia yote. Sikudhani alinitazama, akajitwika pakacha lake, akaondoka.

Alizilaza kwenye pipa uani, kwa maji ya kisima, akiyabadilisha asubuhi na jioni. Hata mchana aliyabadilisha, Projestus aliniambia baadaye. Siku ya nne akapika. Wote walitapika. Watoto wawili wakubwa walipona. Mwanaidi, wa miaka minne, hakufika magharibi.

Watu walisema mto umejilipa. Nilikuwa nimekaa nao barazani waliposema, na nilitikisa kichwa kukubali. Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa.

Mtoto tulimzika kesho yake asubuhi. Kaburi dogo halichukui muda. Wenzangu walipoanza kuondoka nilibaki nyuma, aibu imenishika, nikamwendea Mwishehe, nikampa mkono, nikamwambia pole ndugu yangu. Aliupokea mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Hakuwa na hasira. Akaniuliza kama ndiga zangu zilitakata vizuri.

Nikamwambia zilitakata.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi wako wamekula."