Shofere wa Kadi ya Wifi

Baba yangu hasikii simu ikilia. Aliendesha lori miaka mingi, lile ambalo injini yake imekaa ndani ya kabini, kati ya dereva na abiria, na injini hiyo ilimmaliza masikio. Sikio la kulia bado linashika sauti nzito. La kushoto ni pambo. Kwa hiyo mtu hampigii baba simu. Yeye ndiye anayepiga, kwa video, ili asome midomo. Anakaa Beni, mimi nakaa Butembo, huku mashariki ya Kongo, na tangu mama afariki tulikubaliana hivi: kila siku saa kumi alasiri atapiga, nami nitakuwepo.

Kazi yangu ni kupiga chapa na kusahihisha kazi za wanafunzi wanaomaliza masomo. Wananiletea maandishi yao kwenye flashi, na kila flashi ina virusi kama mbwa wa sokoni alivyo na viroboto. Nilipochoka, nikaiondoa Windows kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ya mtumba, nikaweka Linux. Virusi vikafa siku hiyo hiyo. Kadi ya wifi nayo ikataka kuvifuata.

Tatizo lake lilikuwa la kinafiki. Ingekufa kabisa ningejua la kufanya. Lakini alama ya wifi ilibaki pale juu ya skrini, imejaa, ikidai kila kitu ni kizuri, na kumbe hakuna kinachoingia wala kutoka. Saa kumi nilikuwa nimeshakaa, shati safi, nywele nimechana, nikiitazama kamera. Saa kumi na robo, kimya. Saa kumi na nusu nilikuwa naandika zile amri mbili, ya kuitoa programu inayoendesha kadi na ya kuiingiza tena, kadi inazinduka, na papo hapo inanijia taarifa: simu tatu ulizokosa. Baba alikuwa amepiga mara tatu na mashine iko mbele ya pua yangu.

Kisha kwenye simu yangu ndogo ya vitufe, ambayo haijui video ni nini, unaingia ujumbe wake. Baba huandika kwa kidole kimoja, maneno mawili au matatu.

"Rezo tena?"

Lazima nieleze neno hilo. Kwetu rezo ni mtandao, lakini pia ni uongo wenye adabu. Hutaki kwenda kwenye matanga, rezo. Umechoka na shemeji yako, rezo. Kila mtu anajua, na kila mtu anakubali, kwa sababu kesho atauhitaji yeye.

Mimi niliutumia kwa baba yangu mwenyewe. Mama alipougua, baba alinipigia karibu kila siku. "Kuya," alikuwa ananiambia, yaani njoo. "Mama yako anakuuliza. Kuya." Butembo na Beni si mbali, kwa amani, unakunywa chai huku na kula chakula cha mchana kule. Lakini majuma yale habari za barabara zilikuwa mbaya, magari yalikuwa yanashambuliwa, na mimi niliogopa. Nilishindwa kumwambia mtu aliyemaliza maisha yake yote kwenye barabara hiyo kwamba mwanawe anaiogopa. Nikawa nasema, "Rezo, papa, rezo iko mubaya," kisha naikata simu kwa kidole gumba. Wakati huo nilikuwa na simu nzuri, betri imejaa, na rezo ilikuwa safi kama maji ya mlimani. Simu ile iliibwa sokoni baadaye, wala sikulalamika sana. Kwa mama nilifika siku ya kuzika.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu iliishia hapo kwenye ujumbe wa maneno mawili. Sasa nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: aamini kwamba safari hii simkati.

Nilihangaika na kadi ile karibu majuma mawili. Niliweka programu mpya, nikarudisha ya zamani. Nilisoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari, na zote zilisema kadi haijibu, jambo ambalo nilikuwa nalijua. Niliiamuru iache kubana umeme, maana nilishagundua kwamba inajizima ili kuokoa betri. Ikakubali mdomoni, ikaendelea kulala. Waya haukufika, kwa sababu wifi naipata kwa jirani, nyumba ya pili. Na jambo lililonikera kuliko yote ni hili: nikiwa nashusha mafaili ya wanafunzi, kadi ilikuwa macho tangu asubuhi. Nikikaa kimya kumngoja baba, inalala. Ilikuwa inanisaliti saa ile tu niliyoihitaji, na nilianza kuichukia kama mtu.

Ninaishi peke yangu. Kuna siku mtu wa kwanza kunisemesha ni mwanafunzi anayeuliza kama koma inakaa kabla au baada. Saa kumi ndiyo ilikuwa saa yangu. Baba alipoacha kupiga, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, niliendelea kuvaa shati safi na kukaa pale, na niliona upweke mpaka nikauonea haya.

Siku ya nne nikamwandikia: "Papa, hapana miye. Piloti ya kadi njo mubaya." Ndivyo tunavyoiita programu ile inayoendesha kadi, kwa Kifaransa, piloti, na njo yetu ni ndiyo.

Akajibu: "Piloti? Uko na ndege?"

Nikacheka kwa sauti, peke yangu chumbani. Nikamwandikia tena, kwa jina la kazi yake, dereva: "Ni shofere, papa. Kadi iko na shofere yake. Nikikaa bila kufanya kitu, shofere analala. Unapiga, simu haifike."

Jibu lilichukua karibu saa nzima. Lilikuwa refu kuliko ujumbe wowote aliowahi kuniandikia, na nilimwona akilini akitafuta herufi moja moja.

"Shofere analalaka juu ya kukosa mutu wa kusema naye. Mama yako alikuwa anasema na miye toka Kirumba mpaka Mbau. Hata maneno ya bule."

Niliusoma nimesimama. Nilisafiri nao njia hiyo mara chache nilipokuwa mdogo, nimebanwa juu ya gunia la maharagwe, na mama alikuwa anapiga kelele juu ya mngurumo wa injini bila kupumzika: bei ya chumvi, mbuzi wa jirani, nani kaoa, nani kafukuzwa. Nilidhani ni mdomo wake tu. Nilimwonea baba huruma hata. Kumbe mama alikuwa kazini, na kazi yake ilitufikisha nyumbani sote kila safari. Ikanijia pia kwamba sasa hakuna anayemsemesha baba, na mimi niliyekuwa nimebaki ndiye ninayelala.

Nikaketi. Kuna amri ndogo inaitwa ping, ambayo kila fundi anaijua. Inatuma neno kwenye antena ya jirani kila sekunde, ni kama kuuliza "uko?", na antena inarudisha "niko". Nilikuwa naitumia kupima tu kama mtandao ni mzima, kisha naifunga. Sikuwahi kufikiri kuiacha wazi, iendelee na maneno yake ya bure siku nzima, ili kadi isipate nafasi ya kusinzia. Nikaiwasha kwenye pembe ya skrini, mistari ikaanza kupanda. Nikamwandikia baba: "Kesho ujaribu."

Kesho yake, saa kumi na dakika mbili, kompyuta ikalia.

Baba hushika simu karibu mno, unaona paji la uso na jicho moja. Akaisogeza, nikamwona wote. Alikuwa amekonda.

"Shofere iko macho?" akauliza.

"Iko macho, papa. Nimemupatia mutu wa kusema naye."

Akacheka, akatikisa kichwa. Kisha cheko likamwisha, akanitazama mdomoni, kama anavyofanya akisubiri jibu hata kabla ya kuuliza.

"Ule wakati mama yako alikuwa mugonjwa," akasema. "Ile nayo ilikuwa shofere?"

Alikuwa amenifungulia mlango, tena mpana. Ningesema ndiyo, angekubali, na pengine alitaka nikubali ili yaishe. Nikasema, "Hapana, papa. Ile ilikuwa miye. Niliogopa barabara."

"Sijaona mudomo. Rudilia."

Nikasogea karibu na kamera. "Niliogopa barabara."

"Rudilia."

Mara ya tatu nilikuwa nalia, na mdomo wa mtu anayelia hausomeki. Nilisema hivyo hivyo.

"Basi," akasema baba. "Nilisikia toka ya kwanza." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mama yako alikuwa anakataza nisikuite. Alisema njia ni mubaya, umuache mutoto. Miye njo nilikuwa naita. Nilikuwa naogopa kubaki naye peke yangu."

Nikajifuta macho kwa mkono wa shati safi, na hapo picha ikakatika. Nilitazama pembe ya skrini: upande wangu mistari ilikuwa bado inapanda. Ni betri yake iliyokwisha, au umeme wa Beni, sijui. Niliweka ile simu ndogo mezani nikasubiri hadi jioni, na hakuniandikia kuuliza, "Rezo tena?"