Kibodi Iliyompata Bosi

Wiki jana, katika ofisi moja hapa Lodwar, tuliambiwa bosi yuko mkutanoni Kakuma. Tukangoja.

Karani alikuwa akihangaika kuunganisha kibodi isiyo na waya na tableti yake. Akaizima, akaiwasha, akaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Ili kuijaribu akaandika salamu yetu ya Kiturkana, “Ejok?” Kioo kimya. Akairudia, akairudia tena, akigonga kwa hasira.

Mlango wa ndani ukafunguka. Bosi akatokea na tableti yake mkononi, miguu bila viatu.

“Nani huyu ananisalimia kwa tableti? Nimejibu, hanyamazi!”

Mama mmoja wa Lokitaung akainuka pale kwenye foleni. “Ejok, bosi. Watu wa Kakuma hawajambo?”

Kumbe kibodi ilikuwa bado imeunganishwa na tableti ya bosi. Kipande cha plastiki kilimfikia kupitia ukuta. Sisi raia tuliambiwa yuko Kakuma.