Kitambaa Kilichosema Mama Hatembei

Katika ukoo wetu inasemwa mpaka leo kwamba mama alihamishiwa Geita kwa sababu miguu ilikuwa imemkatalia. Maelezo hayo si sahihi, na kwa kuwa waliokuwapo wamebaki wachache, naona ni wajibu wangu kuyasahihisha.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mtumishi wa ofisi ya mkoa hapa Shinyanga. Mama, tuliyemwita Mayu kwa Kisukuma, alikuwa amepata kiharusi, akapona kiasi cha kutembea polepole kwa kushika ukuta. Mdogo wangu, aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Geita, alitaka akaishi kwake. Mama hakutaka kuiacha nyumba yake. Tukakubaliana mbele ya wazee wa ukoo: maadamu anaamka na kutembea mwenyewe, hataondolewa.

Nilihofia asije akaanguka pasipo mtu kujua. Fundi redio mmoja Mhindi, jirani na soko, alinitengenezea kitu ambacho sikuwahi kukiona: karatasi mbili za kung'aa, kama zile za ndani ya pakiti ya sigara, katikati yake sponji yenye matundu, vyote vimeshonewa ndani ya kitambaa cha pamba. Ukikikanyaga, karatasi hugusana, na kengele ya betri iliyounganishwa nazo kwa waya hulia sebuleni. Kwa kumheshimu mama, fundi alichagua kitambaa kipya, cheupe, akakitia pindo la maua. Nilikitandika kando ya kitanda chake.

Kesho yake mdogo wangu alifika kutoka Geita. Mimi nilikuwa ofisini, mke wangu msibani. Alikaa sebuleni kutwa akisikilizia kengele, ambayo habari zake nilikuwa nimempa.

"Shikamoo, kaka," alinipokea mlangoni. "Chombo chako kimenyamaza kutwa nzima. Mayu hajatia mguu chini."

Nilipiga hodi chumbani. Mama alikuwa ameketi kitandani, nyayo zake zina vumbi la uani, na mlango wake wa uani u wazi.

"Mayu, mbona hukukanyaga kitambaa?"

"Nguo mpya ile, baba, tena ya maua. Nani akanyage nguo mpya kwa miguu michafu? Nimeshukia huku mwisho wa kitanda. Nimekwenda uani, nimeota jua, nimerudi."

Nilimwita mdogo wangu asikie mwenyewe. Alisimama kizingitini.

"Basi anyanyuke atembee hapa tumwone."

Mama alivuta khanga akafunika miguu. "Mimi si ng'ombe wa mnadani, nitembezwe watu waangalie kama nachechemea."

"Umeona, kaka? Hawezi."

Niliwaeleza wazee yote hayo. Waliniuliza kama kengele ililia. Nilijibu haikulia. Hawakuwa na swali la pili. Mama alipakiwa kwenye pikapu ya mdogo wangu, akiwa ameugeuzia mlango wake mgongo.

Nilimtembelea baada ya msimu wa pamba. Alikuwa amewekwa kitini barazani, na wageni wa mdogo wangu wamemzunguka. Wasichana wawili walikuwa wakimbeba kila alikohitaji kwenda, hata chooni. Mdogo wangu alijisifu kwamba tangu mama afike, mguu wake haujagusa udongo.

Mama aliniomba kwa sauti ndogo nimshike mkono afike uani tu. Tulijaribu. Magoti hayakumbeba, nikamrudisha kitini.

Mdogo wangu aliwageukia wageni wake. "Si niliwaambia?"