Mwandishi Anayefuta ya Wenzake

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwandika programu. Alipopata kibarua cha miezi mitatu katika ofisi ya maji ninakopiga deki, dada alianza kutembea kifua mbele. Ijumaa ya mwisho angepewa mkataba wa kudumu, au afungashiwe virago.

Aliweka kompyuta mlangoni. Mwananchi anaandika kero yake, anabonyeza, programu inaiandika kwenye faili. Kila jioni meneja alilifungua faili, akakuta lalamiko moja tu.

"Mtaalamu, umezimaliza kero!" alishangilia. Mabomba mtaani yalikuwa makavu vilevile.

Jumatano shemeji alinivuta stoo.

"Shemeji, nimeboronga."

"Nini tena?"

"Ndani ya programu kuna kitu nimekiita mwandishi. Kila anayelalamika anatengenezewa mwandishi mpya. Sikumwambia aongeze maneno mwishoni. Sasa kila mpya akifungua faili, anaanza kwa kufuta ya wenzake."

"Kama mameneja wetu," nikasema. Mimi si msemaji, lilinitoka tu.

Akaenda kwa meneja. Nilipiga deki nje ya mlango, kigae kilekile mara tatu.

"Ni neno moja tu, bosi. Nikiliongeza, yote yatabaki."

"Yote ya nini? Keshokutwa wageni wa makao makuu wanakuja kuona hilo moja. Usiguse!"

Jioni nyumbani kwao, dada naye hakumung'unya maneno. "Baba watoto, saini kwanza. Ukweli hauna haraka."

Alhamisi asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, shemeji aliliongeza lile neno.

Ijumaa meneja alifungua faili mbele ya wageni. Malalamiko mia moja arobaini na mawili, ya siku moja na nusu. Aliteremka nayo kwenye kioo, akitafuta mwisho.

"Kabla huyu hajaja," akawaambia wageni, "watu hawakuwa wanalalamika."

Wageni wakatikisa vichwa kukubali, wakaandika hivyo. Mkataba ukarudi kwenye droo.

Shemeji alibeba mkoba wake hadi mlangoni, akapanga foleni nyuma ya mama mwenye dumu tupu. Zamu yake ilipofika akaandika kwamba amefukuzwa kazi kwa kurekebisha faili, akabonyeza. Kisha akalifungua faili, akaniita. Lake lilikaa chini kabisa. La yule mama juu yake, halijapungua hata herufi.

"Unaona? Wote wapo," akasema, akaenda kumkabili dada yangu.